Kutoka Magongo Mawili Hadi Moja

Mama Cherehani aliulizwa mara nyingi mguu wake umekwenda wapi, na kila aliyeuliza alipewa jibu la saizi yake. Watoto aliwaambia ameuazimisha. Wambeya aliwaambia umetangulia, unamsubiri. Ukweli ni kwamba lori lilikatika breki kwenye mteremko, likamkuta amesimama kando ya barabara na jora la kitambaa cha sare za shule begani, na alipozinduka hospitali mguu wa kushoto ulikuwa umeishia shibiri nzima chini ya goti. Binti yake wa pekee alikuwa na miaka minane.

Aliyapitia yote. Miezi minane kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka mmoja na nusu kwenye magongo mawili. Miaka kumi na saba na gongo moja. Mwishowe Fundi Miguu, yule mwenye karakana ya viungo bandia nyuma ya hospitali, akabuni kikombe kipya. Kikombe ni ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia ambamo kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kinaingia. Kikibana, mtu analia, kikilegea, mtu anaanguka. Kikombe cha Fundi kilikuwa chepesi, laini kwa ndani, kimechongwa kufuata umbo la mtu. Alianza kwa kuwavisha watu kumi, Mama Cherehani akiwa wa tatu, na tangu siku hiyo gongo lake likastaafu.

Binti naye alikuwa amekua, akasoma, akaajiriwa na hospitali hiyohiyo, kitengo cha takwimu, katika chumba kidogo mwisho wa ukumbi karibu na stoo ya mafaili. Mtaani walimwita Bi Takwimu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo akiulizwa kama mvua inanyesha, anataka kwanza kujua imenyesha mara ngapi.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, binti alikaa kwenye meza ya kukatia nguo, akasogeza chaki na vifungo pembeni, akafungua karatasi zake. Hospitali ilikuwa inakipima kikombe cha Fundi kwa jaribio la watu mia mbili. Waligawanywa kwa kura: mia wavae kikombe cha zamani, mia wavae kipya. Baada ya miezi sita kila mmoja ataandikwa anatembeaje. Kama jaribio litafaulu, kila mwenye mguu wa bandia hospitalini pale atapewa kikombe kipya. Kazi ya kupiga hesabu ilikuwa ya Bi Takwimu.

Mama Cherehani akachungulia juu ya miwani. Karatasini kulikuwa na mistari minne: kiti cha magurudumu, magongo mawili, gongo moja, bila gongo. Mbele yake, kwa mwandiko safi: sifuri, moja, mbili, tatu.

"Hizi namba kakupa nani?"

"Hakuna aliyenipa, mama. Kompyuta haijui gongo ni nini, inataka namba. Kwa hiyo kila hali unaipa alama. Hali zikiwa zimepangwa kwa ngazi hivi, watu wengi huandika sifuri, moja, mbili, tatu, basi."

"Kwa hiyo kutoka kwenye kiti kwenda magongo mawili ni hatua moja."

"Ndiyo."

"Na kutoka magongo mawili kwenda gongo moja ni hatua moja."

"Ndiyo."

"Sawasawa?"

"Sawasawa."

Mama Cherehani akacheka mpaka akalazimika kutoa pini mdomoni asije akazimeza. Kisha akaacha kucheka, akavuta kigoda, akakaa.

"Sikiliza, mwanangu. Nilipokuwa kwenye kiti nilikuwa na mikono. Sufuria naiweka mapajani, najisukuma nayo mpaka mezani. Halafu wakaniambia nimepata nafuu, wakanipa magongo mawili. Wauguzi wakapiga makofi. Jirani zetu wakaja kunipongeza. Wiki ileile ukashikwa na homa, ukaniita toka kitandani, 'Mama, maji.' Nikafika jikoni. Maji yapo, kikombe kipo. Mikono yote miwili imeshika fito! Nikiachia gongo, naanguka. Nikakaa chini, nikaburuta kile kikombe sakafuni kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka chumbani kwako. Kilifika nusu."

Binti alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mwaka mmoja na nusu," akasema mama. "Nikapata gongo moja. Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Lakini siku hiyo nilipata mkono! Nilikushika mkono nikakupeleka shule. Baadaye kuliacha na hilo gongo moja, alhamdulillahi, ni raha, sikatai, viatu vinaisha sawasawa. Lakini usiniambie ni hatua zilezile. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Mbona hukuwahi kuniambia haya?"

"Hukuwahi kuniandikia namba nikaona umekosea."

Bi Takwimu akaigeuza karatasi yake. Halafu akamweleza mama yake polepole. Kompyuta itachukua kila mtu, itampa alama yake, itajumlisha na kulinganisha kundi na kundi, kisha itasema kama tofauti ni ya kweli au huenda imeletwa na bahati tu. Alama zikipotosha, jibu nalo litapotosha, na hakuna atakayejua, maana jibu la kompyuta huja limenyooka kama shati lililopigwa pasi. Na jambo moja zaidi: alama lazima zichaguliwe kabla matokeo hayajaonekana.

"Kwa nini?"

"Ukishaona matokeo, utachagua zile zinazokupa jibu unalolitaka. Ni kama kukata nguo kwanza, halafu uzunguke mtaani kutafuta mtu itakayemtosha, ukimpata useme ulimpima."

"Huyo fundi namjua," akasema Mama Cherehani. "Duka lake lile pale mbele."

Binti akacheka, lakini alikuwa tayari anapanga. Alama hizo, alisema, zisitoke kwake wala kwa mama yake. Zitoke kwa watu waliopitia hali zote nne.

Wakaitwa wale kumi wa kwanza wa Fundi, ambao hawakuwa ndani ya jaribio. Walikutana karakanani, katika chumba cha kumimina plasta, katikati ya miguu iliyoning'inia ukutani kama mihogo ghalani. Mama Cherehani alileta utepe wake wa kupimia. Bi Takwimu akaunyoosha mezani, akafunika sehemu iliyozidi ili zibaki sentimita mia moja tu. Kwenye sifuri akachomeka pini nyeusi: kiti cha magurudumu. Kwenye mia akachomeka nyeupe: kutembea bila gongo. Kila mmoja aingie peke yake nyuma ya pazia, achomeke pini ya magongo mawili na pini ya gongo moja mahali anapoona maisha yenyewe yalikuwa. Zikisomwa, zinang'olewa, anaingia mwingine.

Mpishi wa shule aliingia, akatoka baada ya nusu dakika. Mwalimu mstaafu alikaa mpaka wakadhani amelala. Mlinzi wa lango alichomeka pini ya magongo mawili nyuma ya sifuri kabisa, nje ya utepe, kwenye ubao wa meza.

"Hapo hapana namba, kaka," Bi Takwimu akamwambia.

"Ndiyo maana nimeweka hapo. Kwenye kiti nililinda lango. Na magongo mawili mwizi angenipita akiniamkia."

Namba za kila hali zikapangwa kuanzia ndogo mpaka kubwa, ikatafutwa ya katikati. Magongo mawili yakaangukia ishirini. Gongo moja likaangukia themanini. Fundi Miguu, aliyekuwa anasubiri mlangoni huku mikono imejaa vumbi la plasta, akapiga mluzi. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona umbali huo umepimwa.

Kwenye kikao cha kamati Daktari Mkuu hakufurahi. Mama Cherehani alikuwepo, ameteuliwa kuwawakilisha watumiaji, amevaa gauni lake la bluu lenye kola aliyoishona mara mbili. Daktari Mkuu alisema watu kumi na utepe wa fundi cherehani si sayansi. Sifuri, moja, mbili, tatu ndizo alama zisizopendelea upande wowote.

"Zinapendelea, Daktari," akajibu Bi Takwimu kwa heshima. "Zinasema hatua zote ni sawa. Hayo nayo ni maoni, ila yamevaa sare, ndiyo maana hakuna anayeyadai kitambulisho."

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mama Cherehani akainamia kola yake kana kwamba kuna uzi umelegea. Kifua kilikuwa kimemjaa.

Wakakubaliana. Alama za watumiaji, yaani sifuri, ishirini, themanini, mia, ndizo zitakazoamua. Zile za kawaida zitapigwa pia pembeni na zitatangazwa, ili kila mtu aone. Na kwa kuwa mama wa mtakwimu amevaa kikombe chenyewe, jambo ambalo Bi Takwimu alilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa, mtakwimu mwingine wa chuo cha mbali atarudia hesabu zote. Ikaandikwa, ikatiwa sahihi, ikafungwa kwenye bahasha.

Miezi ikapita. Ijumaa matokeo yalipofika, binti alirudi nyumbani, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Imekuwaje?" mama akauliza.

"Siwezi kusema kabla ya kikao, mama."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Wewe ni mjumbe."

Mama Cherehani akanuna kidogo, lakini sura ya mtoto aliijua tangu ikiwa ya kubebwa. Kulikuwa na tatizo.

Jumatatu Bi Takwimu akasimama mbele ya kamati. Alizungumza bila kupiga chuku. Kwa alama za watumiaji, kikombe kipya kimepata zaidi kidogo, lakini kama vikombe hivi viwili havina tofauti yoyote, pengo kama hilo au kubwa zaidi linaweza kuletwa na bahati tu karibu mara moja katika kila majaribio manne. Kwa hiyo hawezi kusema kikombe kipya ni bora. Kwa alama za kawaida, za sifuri, moja, mbili, tatu, bahati ingefanya hivyo mara nne tu katika majaribio mia. Wengi wangeita huo ni ushindi.

Chumba kikachangamka. Daktari Mkuu akaegemea mbele.

"Basi si tutumie hizo za pili? Ndizo zinazotumika kila mahali. Kuna watu wanasubiri nje pale, binti yangu. Unataka niwaambie hapana kwa sababu ya pini?"

"Tulichagua kabla, Daktari. Tukibadilisha sasa kwa kuwa tumeona jibu, hatujapima kitu."

"Lakini kikombe kinafanya kazi!" Fundi Miguu akadakia. "Mtazameni mama yake! Aliingia hapa bila gongo!"

Kila jicho likamgeukia Mama Cherehani. Naye, kusema kweli, moyo wake ulikuwa upande wa Fundi. Kikombe kile kilimrudishia ngazi za nyumbani kwake. Alitaka kila mtu akipate, leo, kabla ya chakula cha mchana.

"Mama," akasema Daktari Mkuu kwa upole, "wewe ndiye umekivaa. Ongea na bintiyo."

Mama Cherehani akamtazama binti yake. Alikuwa amesimama wima, na macho hayakumkimbia mama yake. Hayakumwomba kitu.

"Kabla sijasema," akauliza Mama Cherehani, "nataka kujua kitu kimoja. Wangapi walipata mkono?"

Daktari Mkuu hakuelewa. Binti alielewa.

"Waliofika gongo moja au bila gongo, yaani wenye angalau mkono mmoja huru," akasoma. "Kikombe cha zamani, watu arobaini na saba katika mia. Kikombe kipya, arobaini na tisa."

"Wawili tu."

"Wawili tu. Kipya kimewainua watu kumi na sita kutoka kwenye kiti, na waliotembea bila gongo wameongezeka kwa kumi. Lakini wale walioinuka kitini wamejazana kwenye magongo mawili. Kwa kikombe cha zamani walikuwa ishirini na wanane, kwa kipya ni arobaini na wawili."

Mama Cherehani akasimama, akaweka viganja vyake mezani.

"Daktari, mimi nakipenda kikombe hiki kuliko viatu vyangu vya harusi. Na Fundi ni kama ndugu yangu, Mungu anajua. Lakini ile pini niliichomeka mwenyewe, na sikuichomeka kwa mzaha. Nikisema leo tuing'oe, nitakuwa nimewaambia hao arobaini na wawili kwamba shida yao haipo. Niliwahi kukaa huko. Wacha hesabu ibaki ilivyo."

Fundi Miguu akaondoka kabla kikao hakijafungwa. Daktari Mkuu alisaini ripoti kama ilivyo. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza dawa, lakini alisaini. Nje ya mlango, mama na binti walitembea ukumbi mzima. Karibu na stoo ya mafaili binti akaanza kulia.

"Nimeharibu, mama. Watanilaumu wote."

"Wakulaumu," akasema Mama Cherehani, na akamkumbatia palepale, wahudumu wakipita na matoroli. "Nimezaa mtu. Wengine wamezaa mizani za sokoni."

Siku ya tatu Mama Cherehani alikwenda karakanani. Fundi Miguu alikuwa anasugua kikombe kwa msasa, ingawa kilikuwa kimeshang'aa. Hakumkaribisha. Mama Cherehani akajikaribisha.

"Umemaliza kununa, au nirudi kesho?"

"Dada, mtoto wako ameniaibisha mbele ya watu."

"Mtoto wangu amekuonyesha mahali nguo yako inapobana. Mimi mteja akiniambia kwapa linambana, simfukuzi, nafumua mshono. Hao watu arobaini na wawili wamekwama wapi? Umewauliza?"

Fundi akaacha msasa. Hakuwa amewauliza. Alikuwa ameona waliotoka kitini, akafurahi, akaishia hapo.

Wakawaita mmoja mmoja, wiki mbili mfululizo. Bi Takwimu alikaa pembeni akiandika. Kila aliyeambiwa aachie gongo moja alianza vizuri, halafu goti likayumba kwenda upande, akalidaka gongo haraka. Karibu wote walikuwa na vigutu vifupi au magoti yaliyochoka. Mama Cherehani na wenzake tisa walikuwa na vigutu virefu, ndiyo maana hawakuwahi kuliona tatizo. Fundi alikuwa ameshusha kingo za kikombe pembeni ya goti ili kiwe chepesi na kikae vizuri chini ya suruali, na kumbe kingo zile ndizo zilizokuwa zikilishika goti la mtu dhaifu.

"Nilikata mno," Fundi akasema, akijigonga paji la uso. "Mambo ya urembo."

"Kitambaa kikikatwa mno hakirudi," Mama Cherehani akamwambia. "Shukuru wewe unafanya kazi na plastiki."

Akazipandisha kingo. Akajaribu, akaongeza, akapunguza. Jaribio la pili likaombwa, watu wapya mia mbili, kura mpya, bahasha mpya. Safari hii Daktari Mkuu mwenyewe aliuliza, "Alama za utepe, siyo?" na hakuna aliyepinga.

Mwaka na miezi minne baadaye Bi Takwimu akasimama tena mahali palepale. Wenye angalau mkono mmoja huru: kikombe cha zamani, arobaini na wanane katika mia. Kikombe kipya, sabini na mmoja. Kwa alama za watumiaji, tofauti iko wazi. Kwa alama za kawaida, iko wazi. Mtakwimu wa chuo cha mbali amepata vilevile. Fundi Miguu alifunika uso kwa mikono yake yenye vumbi, na alipoifunua alikuwa mweupe kama amemwagiwa unga, akicheka na kulia kwa pamoja. Daktari Mkuu akazunguka meza yote kwenda kumpa Bi Takwimu mkono.

"Ile mara ya kwanza ungenikubalia," akamwambia, kwa sauti ya kusikika, "leo tungekuwa tumegawa kikombe kinachoyumbisha magoti hospitali nzima. Asante kwa kunikatalia."

Mama Cherehani hakutoa neno kikaoni. Neno alilihifadhi kwa ajili ya mtaa. Aliyeleta suruali kukunjwa alisimuliwa. Aliyekuja kuuliza bei ya zipu alisimuliwa, tangu lori mpaka sabini na mmoja, na sehemu ya binti kumkatalia Daktari Mkuu ilikuwa ikirefuka kila wiki. Madaktari waliokuwa watano kikaoni wakawa saba, kisha tisa.

"Mama," Bi Takwimu akalalamika jioni moja akivua viatu mlangoni, "leo msoma mita za maji kanisimamisha barabarani, eti ananipongeza kwa kuwashinda madaktari kumi na mmoja. Umemwambia hadi wa maji?"

"Nimemwambia," akasema Mama Cherehani, akitia uzi kwenye sindano bila haraka. "Na wa umeme anakuja kesho."